Naomba ushauri: rimu na tairi za Scania 111 ya mwaka 1979

Ndugu zangu, ninalifufua lori la marehemu baba, ambalo kwa miaka mingi lilisomba pamba kutoka Magu hadi Mwanza mjini, na sasa nimefikia magurudumu. Rimu zake ni za inchi 20 zenye ringi ya kufungia, na zinavaa tairi 11.00-20 za tyubu na flapu (mkanda wa mpira unaoikinga tyubu na rimu). Mbili zimeliwa na kutu kwenye mfereji wa ringi, nami sithubutu kuzijaza upepo, kwa sababu ringi ikifyatuka huua mtu.

Fundi mmoja wa Igoma ananishauri nihamie rimu za inchi 22.5 na tairi 12R22.5 zisizotumia tyubu, ambazo kimo chake kinakaribiana na cha zile za zamani. Hoja yake ina uzito, ingawa moyo wangu unataka lori libaki na sura aliyoiacha mzee.

Ninachohofia zaidi ni nati, kwa kuwa rimu nyingi za kisasa hukaa juu ya shingo ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilhali nyingi za zamani hulenganishwa katikati kwa nati zenye koni. Je, aliyewahi kubadilisha alilazimika kubadili bolti pia, na alipimaje nafasi kati ya tairi pacha za nyuma? Rimu nzima za inchi 20 bado zinapatikana Kanda ya Ziwa?