Spika ya kutaja vituo imo ndani ya basi, nani kawaruhusu kuizima?

Wakuu, nina hasira na leo naitoa hapa.

Nina uoni hafifu. Mabasi ninayopanda yamefungwa mfumo wa kutaja vituo kwa sauti. Ni mzima, ila dereva anauzima. Ukimuuliza, anasema abiria wanalalamikia kelele. Kelele! Redio yake inaunguruma safari nzima hakuna anayeigusa, ila jina la kituo changu ndilo linalowaumiza masikio. "Kaa, tukifika nitakwambia." Anasahau. Nashushwa mbele huko, kwenye barabara nisiyoijua, nianze kuomba watu wanirudishe.

Rafiki yangu kiziwi yanamkuta ya upande wa pili. Treni ikihamishiwa jukwaa lingine, wanatangaza kwa spika tu, skrini inabaki na habari ya zamani. Anaona watu wanakimbia, naye anakimbia bila kujua wanakwenda wapi. Kila tangazo litoke kwa sauti na kwa maandishi, wakati uleule. Na mwenye uziwikipofu, yaani asiyesikia wala kuona, havimfikii vyote viwili, huyo anahitaji mhudumu aliyefundishwa kumwongoza.

Halafu vile vigae vya njano vya kumwongoza asiyeona njiani, ambavyo mnadhani ni mapambo. Mjapani Seiichi Miyake alivibuni mwaka 1965, na mwaka 1967 vikatandikwa barabarani kwa mara ya kwanza mjini Okayama, karibu na shule ya wasioona. Michirizi mirefu inaiambia fimbo: endelea. Vinundu vinasema: simama, mbele kuna hatari. Sasa mtu anaegesha pikipiki juu yake, mwingine anapanga mizigo. Nimekuta hata michirizi inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye nguzo! Fundi aliyeitandika hakumuuliza asiyeona hata mmoja, na aliyekagua akatia saini.

Msiniambie habari za bajeti. Spika imeshanunuliwa, kuiwasha kunagharimu nini? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 9, umetaja usafiri waziwazi. Basi swichi ya ile spika iondolewe mikononi mwa dereva, na anayeziba vigae apigwe faini.

Nimeandika barua, nikajibiwa "tumepokea". Kama yupo humu ambaye malalamiko yake yalifanyiwa kazi, aseme alimpelekea nani na aliandika nini.