Inaya, Layan au Rayan: lipi kwa binti?

MamaMtarajiwa: Asalaam aleikum wapendwa. Zimebaki wiki chache nijifungue, ni mtoto wa kike. Majina matatu hayanitoki kichwani: Inaya, Layan, Rayan. Shida ni maana. Inaya peke yake nimeambiwa ni "zawadi ya Mungu", kwingine "huruma". Nishike lipi?

Msarifu: Waaleikum salaam dada. Si zawadi, zawadi ni hiba au atiya. Inaya, ambalo kwa Kiarabu huanza na herufi ain, ni uangalizi, kule kumjali mtu kwa makini. Hata chumba cha wagonjwa mahututi Waarabu hukiita al-inaya al-murakkaza. Na ninachokipenda zaidi: shina lake ndilo lililotupa sisi "maana" na "yaani". Mwanafalsafa Ibn Sina alilitumia neno hilo kueleza jinsi Mungu anavyouangalia ulimwengu. Mtindo wa kumwita mtoto hivyo ni wa juzi, neno lenyewe ni la kale.

BabaMapacha: Na Layan? Pacha wetu mmoja ndilo lake.

Msarifu: Hongera, mmechagua vizuri. Ni ulaini, upole, pia maisha ya raha. "Laini" yetu ni ndugu yake. Wengi hulichanganya na Lina, ila lina iliyo katika Surat al-Hashr, aya ya 5, ni mtende.

ShangaziZ: Rayan ningemwekea mvulana. Rayyan ni aliyekata kiu, na ndilo jina la mlango wa peponi wa waliofunga, hadithi ya Mtume imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Zuri mno! Lakini ni umbo la kiume. La kike ni Rayya.

BabaMapacha: Mbona wasichana kina Rayan wapo wengi, shangazi?

ShangaziZ: Wapo, mwanangu, wala hawajakosea kitu. Mimi nampendelea binti neno lililo lake tangu mwanzo.

MamaMtarajiwa: Basi Rayan namwekea mdogo wake, Mungu akijalia. Baba yake anavutiwa na Layan, ila hilo la "maana" limenigusa sana. Niandike Inaya au Inaayah?

Msarifu: Inaya. Hizo herufi za ziada zitamsumbua tu kwenye vyeti. Waarabu huvuta "na" ya katikati, na Kiswahili nacho huweka mkazo papo hapo: i-NA-ya. Kila atakayelisoma atalitamka sawasawa.