Naomba ushauri: diski ya nje ya USB inanisumbua kwenye Linux

Habari zenu wakuu. Nina diski ya nje ya terabaiti 1, ndimo zilimo picha na bakapu zangu zote. Nilichoka kuibofya ili ifunguke kila nikiwasha kompyuta, nikaiandika kwenye /etc/fstab (faili la diski ambazo Linux huzipachika yenyewe ikiwaka) kama /dev/sdb1, jina ambalo Linux iliipa. Wiki nzima mambo shwari. Siku moja nikachomeka flashi kwanza, flashi ikachukua sdb, diski ikawa sdc. Hiyo bado ndogo. Juzi nimewasha bila kuichomeka kabisa: kompyuta ikasubiri sekunde 90, kisha ikanitupa kwenye skrini nyeusi ya dharura inayodai nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo). Jasho lilinitoka! Nilijinasua kwa kuweka alama ya # mbele ya ule mstari wa fstab ili usisomwe.

Sasa nimeendesha amri ya lsblk -f nikapata UUID (kitambulisho cha diski kisichofuata mpangilio wa kuchomeka), na nofail (chaguo la kuacha kompyuta iwake hata diski isipokuwepo) nimeielewa. Kinachonitatiza ni ruhusa. Diski ina mfumo wa mafaili wa exFAT, nikiipachika kwa sudo mount mafaili yote yanakuwa ya root, siwezi kufuta hata picha moja. Chown, amri ya kubadili mwenye faili, nayo inagoma, maana exFAT haitunzi umiliki wa faili.

Je, niongeze uid=1000,gid=1000 (namba yangu ya mtumiaji na ya kundi) kwenye ule mstari, au niifomati kuwa ext4, mfumo wa mafaili wa Linux? Mara mojamoja naichomeka pia kwenye Windows, ambayo ext4 haiisomi hivihivi. Au niachane na fstab, niendelee kubofya tu?

Na atakayesema "fomati", anielekeze kwanza picha nizihamishie wapi, sina diski nyingine.