Magari mapya yasiyo na makorokoro ya umeme bado yanauzwa?

Muuguzi wa Zamu:

Habari zenu wadau. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na kutoka nyumbani hadi kazini ni kilomita 38, kurudi 38. Nimeweka akiba miaka sita, na safari hii nataka gari jipya kabisa, nilitunze, niende nalo miaka 15 Mungu akipenda.

Ninalotumia sasa nililinunua likiwa na miaka mitatu, na karibu kila kitu kimo ndani ya skrini. Mwezi wa nne nilikuwa narudi nyumbani alfajiri, mvua kubwa, kioo cha mbele kikaanza kujaa ukungu kwa ndani. Kwenye gari la marehemu baba ningezungusha swichi moja bila hata kuitazama, hewa ikapanda kwenye kioo. Kwenye hili langu, feni, joto na hewa ya kioo vyote ni mpaka uguse skrini, na skrini ilikuwa imeganda kwenye ramani. Nikagusa, kimya. Nikagusa tena, kimya. Nikashusha dirisha, mvua ikanilowesha bega lote, nikawa nafuta kioo kwa mkono wa sweta huku lori linakuja mbele yangu na taa zake zote. Nilipopata pa kuegesha nilizima gari nikakaa dakika kumi, mikono inatetemeka. Nilipowasha tena, skrini ikarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Gereji walisema programu imepitwa na wakati. Ikasasishwa. Wiki ya tatu ikaganda tena.

Sitaki gari la kizamani kwa ajili ya ukale wake. Nataka jipya, lenye dhamana, ambalo mambo ya msingi nayafanya kwa swichi, na ambalo fundi wa kawaida anaweza kulifungua akalielewa. Je, yapo? Na nikiingia kwenye duka la magari niangalie nini, maana wauzaji wanaanza na ukubwa wa skrini na kumaliza na ukubwa wa skrini?

Fundi Waya:

Dada, pole sana kwa mkasa huo. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwaka wa 19 sasa, na nimefurahi umeuliza kabla hujalipa.

Kwanza nikutoe hofu upande mmoja: umeme wa injini usiukimbie. Kompyuta inayopima hewa na kupuliza petroli ndiyo iliyotuondolea kabureta, na sisi tuliozifungua tunajua jeti zilivyokuwa zinaziba na asubuhi za baridi za kuvuta choki. Sensa ikifa leo, taa ya injini inawaka, unachomeka mashine kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani, inakuonyesha pa kuanzia. Marekani soketi hiyo ni lazima tangu magari ya 1996. ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla, nayo si mgeni, ilianza kuuzwa kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na ikiharibika, breki za kawaida zinabaki zinafanya kazi.

Kinacholeta magari kwangu ni vitu vilivyounganishwa pamoja bila sababu ya maana. Juzi nililetewa gari la miaka minne, gia haziingii, mwenyewe ameshaambiwa giaboksi imekufa. Nikainua zulia la upande wa dereva, chini limelowa. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka kutoka kwenye mfereji wa kioo ulioziba kwa majani, yanaingia kwenye soketi moja kubwa ya waya iliyolazwa sakafuni. Nilipoifungua, pini sita zilikuwa na kutu ya kijani, mbili zimelika kabisa. Giaboksi ilikuwa nzima! Nilisafisha, nikaunga waya upya, nikaipandisha soketi juu ya sakafu. Lakini mwenye gari alikuwa ameshakaa wiki tatu bila usafiri, na soketi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imebeba loki za milango, kiti na kamera.

Kwa hiyo ukiingia dukani usiulize tu "lina skrini?" Kamera ya kurudi nyuma ni lazima kwenye magari mapya Marekani tangu Mei 2018, na kamera inahitaji pa kuonyeshea, ndiyo maana gari lisilo na skrini kabisa limekuwa adimu. Uliza hivi: skrini ikifa, nabaki na nini? Kaa kwenye kiti, mwambie muuzaji aizime. Halafu washa feni, elekeza hewa kwenye kioo, washa waipa, hazadi, taa za ukungu, punguza sauti ya redio. Kimoja kikigoma, inuka, nenda kwa gari la pili.

Ya pili, breki ya mkono. Ikiwa ni ya batani, mara nyingi pedi za nyuma hazibadilishwi mpaka mota ya breki irudishwe nyuma kwa mashine. Nimeona waliosukuma kwa nguvu wakavunja kalipa. Mkono wa kuvuta una waya wa chuma na nati ya kukazia, basi.

Kwenye injini mimi napendelea isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na inayopuliza petroli kwenye njia ya hewa kabla ya vali. Petroli inapopita hapo inaosha vali. Zile zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda zinakula mafuta kidogo, ndiyo, ila vali za kuingiza hewa hazioshwi na kitu, masizi yanaganda. Na uliza taimingi, yaani ufunguaji wa vali kwa wakati wake, inaendeshwa na cheni au mkanda. Kuna injini ndogo za siku hizi zenye mkanda wa mpira unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ukianza kumomonyoka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa kwa kukosa oili huku kijiti cha kupimia oili kikionyesha ipo tele. Kwa mtu anayetaka miaka 15, hapo sikushauri kabisa.

Mzee wa Nyika:

Wanangu, yapo, ila machache. Nimeendesha Toyota Land Cruiser za toleo linaloitwa 70 kazini tangu ujana wangu. Umbo lile lilitoka 1984 na bado linatengenezwa. Katika baadhi ya masoko unaipata mpya na injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake ni ya mitambo. Lakini binti, wewe unakwenda kazini kwa lami. Lile ni gari la kazi, linakunywa mafuta, springi zake za nyuma zinakurusha kama hujabeba mzigo. Usinunue kwa sababu ya sifa.

Karibu na unachotaka ni Suzuki Jimny ya umbo la 2018: lita 1.5, haina turbo, gia za mkono zipo, na ya kuingiza magurudumu manne ni mkono wa chuma, si batani. Shida yake ni sehemu ya mizigo, viti vya nyuma vikikaa wima haitoshi hata begi la maana. Toyota nao walitoa Hilux Champ huko Thailand mwishoni mwa 2023, pikapu tupu ya kufungwa bodi unayotaka, ila haiuzwi kila mahali. Dacia Sandero ya toleo la chini, kwenye baadhi ya nchi, mahali pa skrini wameweka kishikio cha simu tu. Hiyo kwa lami inakutosha.

Ushauri wangu mmoja: toleo la chini la gari la kawaida linalishinda kwa ubora gari la kifahari lililopunguzwa. Na chukua gari ambalo umbo lake limeshauzwa miaka mitatu, minne. Kasoro za mwanzo wengine wameshazilipia.

Mwalimu wa Udereva:

Nakubaliana na fundi na mzee, ila naomba nisimamishe jambo moja kabla dada hajaenda kutafuta gari tupu kabisa. Msikate ESC, ule mfumo unaoshika breki tairi moja moja gari linapoanza kuserereka. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilikuta unapunguza karibu nusu ya hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake. Marekani ni lazima kwa magari mapya ya abiria tangu toleo la 2012, Ulaya kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014, lakini kuna nchi ambako toleo la chini bado linauzwa bila hiyo, au na mifuko ya hewa miwili tu. Mtu anayerudi alfajiri amechoka, barabara imelowa, ndiye hasa anayeihitaji. Nimefundisha watu zaidi ya elfu moja, na aliyechoka hajui kwamba amechoka.

Kuhusu skrini, dada, hukukosea. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilijaribu magari 11 ya kisasa pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Kazi zilikuwa nne, za kawaida tu kama kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio, gari likiwa kwenye 110 kwa saa. Volvo ya zamani ilimaliza kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. La mwisho lilichukua karibu sekunde 45, zaidi ya mita 1,300. Hebu fikiria mita 1,300 macho yanakwenda na kurudi. Euro NCAP nao, wale wanaopima usalama wa magari mapya Ulaya, kuanzia 2026, anayetaka alama kamili lazima aweke swichi za kushika kwa indiketa, hazadi, honi na waipa. Kwa hiyo vitufe vinarudi, na anayeweza kusubiri kidogo hatapoteza.

Muuguzi wa Zamu:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Kusubiri siwezi, mwalimu, hili langu limeganda tena Jumapili.

Leo nimetoka zamu nikapitia maduka mawili. La kwanza nilifanya kama fundi alivyosema, nikaomba skrini izimwe. Kijana wa mauzo hakujua inazimwaje, akamwita mwenzake. Ilipozimwa, feni haikugusika kabisa. Nikashukuru nikatoka.

La pili nimekaa ndani ya gari karibu saa nzima. Ni hatchback ya milango mitano, injini lita 1.2, haina turbo, cheni ya taimingi, gia tano za mkono. Ina skrini ndogo ya redio na kamera, lakini chini yake kuna swichi tatu za kuzungusha. Nimefumba macho nikazitafuta kwa vidole: ya kushoto ni feni, ya kati ni joto, ya kulia ni upande hewa inakokwenda, na kila ukizungusha inagonga "tak" unaihesabu. Mguso wa nne kulia ni kioo. Nimerudia mara kumi sijakosea. Breki ya mkono ni ya kuvuta. ESC ipo hata kwenye toleo la chini, nimeona batani yake na nimeisoma kwenye kitabu. Mifuko ya hewa sita.

Nina maswali mawili kwa fundi. Buti haina tairi ya akiba, wameweka chupa ya dawa ya kuziba na pampu. Na injini inajizima yenyewe kwenye mataa halafu inawaka. Je, nikatae kwa sababu hizo?

Fundi Waya:

Hapana, hilo gari ni zuri, usiliache. Chupa ya dawa inaziba tundu la msumari, haizibi tairi iliyopasuka ubavuni, na wewe unapita usiku. Inua kapeti ya buti uone kama umbo la shimo la tairi lipo. Kama lipo, dai tairi kamili, jeki na spana viwekwe kwenye mkataba kabla ya kusaini. Baada ya kusaini hutazipata bila kulipia.

Kujizima kwenye mataa hakuna shida kubwa, stata yake imeimarishwa kwa kazi hiyo. Jua tu kwamba betri yake ni ya aina maalumu, EFB au AGM, na siku ikifa usikubali ufungiwe ya kawaida, haitadumu. Uliza pia betri mpya inahitaji kuandikishwa kwenye kompyuta ya gari au unafunga tu na kuondoka. Jingine, mwombe akufungulie boneti, jaribu mwenyewe kufikia balbu ya taa ya mbele kwa mkono. Kuna magari unatoa bampa zima kwa balbu moja.

Muuguzi wa Zamu:

Nimerudi kuwapa taarifa. Shimo la tairi lipo, na tairi kamili, jeki na spana vimeandikwa kwenye mkataba. Balbu ya kushoto nimeifikia na kuichomoa mwenyewe. Ya kulia kuna chupa ya maji ya waipa mbele yake, ila ni skrubu mbili. Betri hii haihitaji kuandikishwa, na mkuu wao wa gereji amenionyesha ukurasa kwenye kitabu.

Kijana wa mauzo ameniuliza mara mbili kama nina hakika sitaki toleo la juu lenye skrini ya inchi 12. Nimemweleza habari ya kioo na lile lori, akanyamaza, kisha akaniambia mama yake naye analalamikia hivyohivyo.

Nimeshalipa. Nalichukua Ijumaa nikitoka zamu. Fundi, kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuinua lile zulia la upande wa dereva nione soketi imelazwa wapi, nitakuletea picha.