Umeme wa 20,000 ulikuwa unakaa wiki tatu, sasa siku kumi tu umeisha. Nini kinakula uniti zangu?

MamaWawili_Kimara:
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kabla sijagombana na watu humu ndani. Tupo Kimara, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yetu peke yetu hatuchangii na mtu. Siku zote nikinunua umeme wa 20,000 unakaa siku 21 hivi. Sasa huu mwezi wa pili mfululizo sielewi, nimenunua tarehe 1 nikapata uniti 51.9 (walishakata ile 1,500 ya kodi ya jengo), tarehe 11 alfajiri nipo jikoni giza puu. Nikanunua tena 20,000 nikapata 56.1, leo tarehe 20 rimoti ya LUKU inasoma uniti 6 na pointi. Vitu ni vilevile, friji moja la mtumba, tv, feni mbili, pasi, taa zote za LED, na pampu maana simtanki lipo chini na hiyo pampu ya presha ndo inasukuma maji bombani. Napikia gesi. AC hakuna, hita ya bafuni hakuna. Mume wangu anasema mita imechezewa, shemeji aliyekuja kukaa na sisi anasema ni mimi na pasi yangu. Nianzie wapi?

Kibosile wa Tabata:
Umeme unaisha haraka mwezi wa pili sasa, na shemeji amekuja lini vile? 😂 Natania dada. Chomoa chaja zote kwenye soketi, tv usizime kwa rimoti zima ukutani, hizo ndo zinakula kimyakimya.

MamaWawili_Kimara:
Shemeji kaja mwezi uliopita haha, ila anashinda kazini anarudi usiku anaoga analala. Chaja tulishachomoa zote, wiki nzima sasa, hakuna kilichobadilika.

Fundi Spana:
Dada achana na habari za chaja, chaja ya simu ikikaa tupu ukutani mwezi mzima haimalizi hata robo ya uniti, watu mnahangaika na sisimizi tembo kakaa sebuleni. Na pasi nayo usiionee, ya wati 1,000 ukipiga nusu saa ni nusu uniti na hapo haifiki maana ikishapata moto inajizima na kujiwasha. Wewe ulikuwa unatumia uniti mbili na nusu kwa siku, sasa hivi zaidi ya tano. Kitu kinachoongeza uniti karibu tatu kila siku hakiwezi kuwa chaja, ni kitu chenye mota au chenye kuchemsha, au waya unavuja.

Usibahatishe, iulize mita yenyewe. Nenda kwenye mita utaona kitaa chekundu kinapepesa. Pembeni yake pameandikwa namba na imp/kWh, nyingine 1000, nyingine 1600, nyingine 3200. Ikiwa ni 1000 maana yake kitaa kikipepesa mara elfu moja umemaliza uniti moja. Sasa shika simu yako weka saa ya dakika moja, hesabu kimepepesa mara ngapi, zidisha kwa 60, hizo ndo wati zinazoingia ndani kwako muda huo. (Kama yako ni 1600 hesabu hivyohivyo halafu jibu gawa kwa 1.6, watu wengi wanasahau hapo wanaanza kulia.) Anza usiku watu wamelala. Kwanza shusha mein swichi kabisa. Kitaa kikiendelea kupepesa na mein swichi iko chini, kuna mtu kajiunga katikati ya mita na swichi yako, hapo usiguse waya piga simu TANESCO, shirika la umeme. Kikitulia basi hakuna aliyejiunga njiani, mwizi yumo ndani. Pandisha, acha friji peke yake hesabu, halafu ongeza kitu kimoja kimoja. Leta majibu hapa.

Mswahili wa Kisauni:
Hilo la kuhesabu taa ni kweli kabisa, huku Mombasa mita zetu za tokeni zina kitaa hichohicho na mimi ndivyo nilivyoligundua friji langu. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka, mashine haipumziki usiku kucha. Dada jaribu hivi, bana karatasi kwenye mlango wa friji kisha vuta, ikitoka bila kushika basi mpira umekwisha, zungusha mlango wote juu na chini maana huanza kuharibika pembeni. Na barafu ikiwa nene kama kidole yeyusha, lakini usiitoboe kwa kisu, mie nilitoboa bomba la gesi likawa kabati la vyombo.

JobTrueTrue:
Kuna kale kakifaa ka kuchomeka kwenye soketi wanauza mtandaoni elfu 25 kanapunguza umeme nusu, jirani yangu anako, jaribu hako kwanza

Fundi Spana:
Mkuu nimeshafungua hivyo vidude vitatu kwa mkono wangu. Ndani kuna kapasita moja na kataa ka kijani ka kukupa moyo. Mita ya nyumbani inahesabu kilowati saa, yaani uniti, na kapasita haiwezi kufanya pasi ya wati 1,000 iwe ya 500. Jirani yako amwambie muuzaji amrudishie hela.

MamaWawili_Kimara:
Nimerudi, poleni kwa kuchelewa. Jana saa tano usiku nimetoka na tochi na daftari la mtoto, mume wangu ananichungulia dirishani anacheka. Mita yangu imeandikwa 1000. Mein swichi chini, kitaa kimetulia kabisa, nimesubiri dakika tano nzima. Kwa hiyo mita tuisamehe. Nikapandisha nikazima kila kitu ndani nikaacha friji, dakika ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, nikajua hiyo ni wati 120. Dakika ya tatu nasikia pampu ngrrrr, kitaa kikaanza kupepesa haraka haraka, kidogo ikanyamaza kikarudi polepole. Nikasema labda mtu kaenda chooni. Dakika tatu nyingine ngrrrr tena. Hakuna aliyeamka! Nimekaa pale nusu saa mbu wananila, pampu imewaka mara kumi, kila ikiwaka ni kama sekunde 20. Mchana huwa hatuisikii kwa sababu ya kelele za barabarani, na usiku tumelala feni inavuma.

Na friji nimelifanyia la karatasi, chini kwenye kona karatasi imetoka yenyewe bila kuvutwa.

Fundi Spana:
Hahaha sasa tunaongea. Pampu ya presha huwaka presha ya maji ikishuka kwenye bomba. Kama bomba zote zimefungwa na bado inawaka, maji yanatoka mahali. Na yako ikiwaka sekunde 20 kila dakika tatu, kwa siku ni mara 480. Pampu hizi nyingi za farasi mmoja zinakula wati 750 au zaidi, chukua hiyo 750 piga hesabu utapata uniti 2 kwa siku, kwa bei yako ya shilingi 356 kwa uniti ni zaidi ya shilingi 700 kila siku, mwezi elfu 21 zinaenda na maji. Na bili ya maji iangalie nayo lazima imepanda. Zinazobaki ni za friji.

Kabla hujaita fundi wa kuchimbua ukuta, chukua kijiko cha rangi yoyote ya chakula, au hata kahawa kali, mimina kwenye tanki la choo (lile la kuflashi nyuma) usiflashi nusu saa. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, mpira wa chini umekufa.

Kibosile wa Tabata:
Shemeji kaponea chupuchupu

Dada wa Hesabu:
Mimi naongezea jambo moja hamjaligusa. Dada ukipata 51.9 kwa 18,500 maana yake upo kundi la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18 na REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti) 1 inafika 356. Lakini kabla ya huu uvujaji ulikuwa unatumia uniti 74 hivi kwa mwezi. Kundi la D1 ni la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100, na makato inakuwa 122, yaani uniti 75 zote ni shilingi 9,150. Kwa kundi lako hizo 75 unalipa karibu 26,700! Kwa hiyo ziba hayo maji, badili mpira wa friji, kaa miezi kadhaa chini ya 75 kisha nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya na namba ya mita uombe kuwekwa D1. Mimi nilienda wakaangalia wastani wangu wakanibadilisha. Ila ukiwa D1 uwe na adabu, uniti ya 76 na kuendelea inahesabiwa shilingi 350 kabla ya makato. Na hiyo 1,500 ya jengo ni ya mwenye nyumba, weka risiti muikate kwenye kodi ya pango.

Mswahili wa Kisauni:
75 nyinyi mwalalamika? Huku bei ya chini ni mwisho uniti 30, friji peke yake lazimaliza.

MamaWawili_Kimara:
Nimeweka kahawa saa moja asubuhi. Saa moja na robo sinki lote la choo cha wageni limekuwa rangi ya chai ya rangi. Choo cha wageni ndicho anachotumia shemeji, amekivuta kile kishikio kwa nguvu mpira ukakaa upande, kwa hiyo Kibosile ulipatia bila kujua 😂 Mpira wa flashi nimeupata dukani hapa stendi 3,500, mume wangu kaubadilisha mwenyewe. Nimesimama karibu na pampu nusu saa, kimya. Mpira wa friji fundi kasema 30,000 nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, kwa sasa nimeufuta na maji ya moto na sabuni ile kona ikalainika, karatasi sasa inashika kidogo.

Leo nimenunua 10,000 nimepata 28, nimeandika tarehe kwa kalamu ukutani pembeni ya rimoti. Shemeji naye ameandika chini yake "siyo mimi".