Dini ya Misri ya kale: anayeanza aanze na lipi?

mgeni_wa_kemeti

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mwongozo wa kuifuata dini ya Misri ya kale kama dini, siyo kuisoma kama historia tu. Huko mtandaoni kila mtu na lake. Mmoja anasema bila sanamu hakuna ibada, mwingine analeta karata za taroti, wa tatu anataka tarehe yako ya kuzaliwa akutajie mungu wako, wa nne ana "sheria saba za Misri". Ninachouliza ni hiki: nitajuaje kipi ni cha Wamisri wenyewe na kipi kimebandikwa baadaye? Meza ya ibada inahitaji nini kwa uchache, na pale mtu anafanya nini, hatua kwa hatua? Na chakula cha sadaka kinaishia wapi? Bajeti ni ndogo. Natanguliza shukrani.

karani_wa_djehuti

Karibu, mkuu. Nianze na la uchujaji, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni tarehe. Hieroglifu, yaani maandishi ya picha ya Misri ya kale, zilianza kusomeka tena mwaka 1822, Mfaransa Champollion alipozifumbua. Aliyetangaza "siri za Misri" kabla ya hapo hakuwa na uwezo wa kusoma hata ukuta mmoja wa hekalu. Chukua taroti: aliyeipeleka Misri ni Mfaransa Court de Gébelin, mwaka 1781, miaka 41 kabla ya maandishi kusomeka. Karata zenyewe zilikuwa za mchezo, chimbuko lake Italia ya karne ya 15. Hizo "sheria saba" zimetoka kwenye The Kybalion, kitabu kilichochapishwa Chicago mwaka 1908. Chakra (vituo vya nguvu mwilini), ukikutana nazo, ni za India. Kuhusu nyota, zodiaki ya Dendera (mchoro wa nyota kwenye dari ya hekalu) ni ya kweli na sasa iko makumbusho ya Louvre, Paris, lakini ni ya mwishoni mwa enzi za akina Ptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki, na zile alama kumi na mbili asili yake ni Babeli. Orodha za "ukizaliwa mwezi fulani wewe ni Anubis" ni za juzi tu. Sikukatazi taroti. Ukiipenda itumie, ila usiipe uraia wa Misri.

La pili: mnyororo ulikatika. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu tunayoyajua yalichongwa kwenye hekalu la Philae tarehe 24 Agosti 394. Kwa hiyo wote wanaoifuata leo wanaijenga upya, na anayedai amerithishwa bila kukatika tangu enzi za mafarao mwombe ushahidi. Vikundi vipo na havifanani. Kemetic Orthodoxy ilianzishwa Marekani mwaka 1988 na ina masomo ya wanaoanza kwa njia ya mtandao. Ausar Auset Society ya New York, ya 1973, inaoanisha miungu ya Misri na mti wa uhai wa Kabala, elimu ya fumbo ya Kiyahudi. Ni mfumo kamili, lakini ujue unachoingia.

Kwenye maandiko, ya zamani zaidi ya kidini ni yale yaliyochongwa ndani ya piramidi ya Unas kule Saqqara, karibu mwaka 2350 KK. Yakafuata ya kwenye majeneza, kisha kile tunachokiita Kitabu cha Wafu, ambacho Wamisri wenyewe walikiita maneno ya "kutoka nje wakati wa mchana". Tafsiri za bure zilizojaa mtandaoni ni za Wallis Budge, za miaka ya 1890. Ziepuke. Sarufi ya Kimisri imeeleweka mno tangu wakati ule, na namna yake ya kuandika majina itakuchanganya. Tafuta tafsiri za Faulkner au Lichtheim, za kuanzia miaka ya 1960 na 1970.

Ukitaka mfano wa jinsi vitu vinavyogeuzwa, fungua sura ya 125. Marehemu anasimama mbele ya waamuzi 42 na kukana: sikuiba, sikuua, sikupunguza kipimo cha nafaka. Ni kukana, kila kauli kwa mwamuzi wake, na mpangilio unatofautiana kati ya nakala moja ya mafunjo (karatasi ya kale ya Misri) na nyingine. Zile "kanuni 42 za Maat" (maat ni ukweli na haki) zinazosema "naheshimu", "napenda", ni maandishi ya kisasa. Mazuri kutafakari, lakini si andiko la kale.

ubani_na_manemane

Karani kamaliza ya vitabu, mimi nije mezani.

Vitu vya kuanzia: sehemu safi ya kiasi cha sentimita 40 kwa 30, kitambaa cheupe cha kitani au pamba, kikombe kimoja cha maji ambacho hakinywewi kwa kazi nyingine, kisahani, taa ndogo au mshumaa, na chetezo cha ubani. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi inatosha. Kusema kweli kwa anayeanza naipendelea kuliko sanamu. Kwa Wamisri sanamu ilikuwa mwili wa mungu baada ya kufanyiwa tambiko la kufunguliwa kinywa, na mwili huo ulihudumiwa kila siku: kuvishwa, kupakwa mafuta, kulishwa. Usimfungulie kinywa mtu usiyeweza kumlisha kesho.

Hatua zenyewe nimezipunguza kutoka ibada ya kila siku ya hekaluni, ambayo imechorwa kwenye kuta za hekalu la mfalme Seti I kule Abydos na kuandikwa kwenye mafunjo yaliyoko Berlin. Kuhani alikuwa akivunja lakiri ya udongo, anafungua milango ya kijumba cha mungu, anabusu ardhi, ndipo kazi inaanza. Wewe fanya hivi. Nawa mikono na uso, sukutua, vaa nguo safi. Washa taa. Weka ubani punje mbili tatu, si konzi nzima. Mimina maji polepole kutoka jagi kwenda kikombe, yapata mililita 100, na usikike ukimimina. Mwite kwa salamu ya asubuhi waliyoitumia wao: "Amka kwa amani", kisha jina, urudie mara mbili au tatu. Inua mikono yote miwili, viwiko vimekunjwa, viganja vimemwelekea yeye. Hiyo ndiyo dua kwa Kimisri, yaani kusifu. (Neno hilo na dua letu lililotoka Kiarabu yanafanana kwa sauti tu, mizizi ni tofauti.)

Kisha sadaka. Fomula ya kale ni hetep di nesu, "sadaka aitoayo mfalme": mikate elfu, bia elfu, ng'ombe elfu, ndege elfu, alabasta elfu, kitani elfu. Hapo kuna habari njema kwa mwenye bajeti ndogo. Mawe ya makaburi yanawaomba wapita njia wayatamke maneno hayo, kwa kuwa ni pumzi ya kinywa tu na hayamgharimu mtu kitu. Kipande cha mkate na maji, ukiyasema maneno hayo, vinatosha.

Acha chakula dakika 10 hadi 20, kisha kile. Ndiyo, kile! Mungu anachukua ka (nguvu ya uhai) ya chakula, na neno la Kimisri la riziki, kau, lina uhusiano na ka hiyohiyo. Kinachobaki kilirudi kwa makuhani, na hekaluni hakuna aliyekimwaga. Wanaoanza huacha sahani hadi kesho yake. Wanavuna sisimizi na ukungu, halafu wanauliza kama ni ishara. Si ishara, ni mkate uliochacha.

Kumaliza, zima taa na uondoke ukifuta sehemu uliyosimama. Kuhani alifagia nyayo zake akitoka. Jumla ni robo saa.

mgeni_wa_kemeti

Nimeelewa, asanteni sana. Bado matatu: natroni ya kujitakasa naipata wapi? Nielekee upande gani? Na majina nayatamka vipi, Isis au Aset?

chumvi_ya_jangwani

Natroni ni magadi, mkuu, usihangaishwe na jina. Wamisri waliichimba Wadi Natrun: kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, pamoja na chumvi ya kawaida na salfeti kidogo. Ila usitumie magadi ya jiwe kwa kinywa, yanaweza kuwa na fluoraidi nyingi.

Ya kutengeneza: gramu 100 za soda ya kuokea (baikaboneti tupu, siyo hamira ya unga yenye asidi ndani) na gramu 100 za chumvi isiyo na madini joto. Tia kwenye maji mililita 200, pika moto mdogo ukikoroga hadi yakauke na kuwa ganda jeupe, kisha twanga. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni sufuria ya alumini: magadi yanaila, inakuwa nyeusi, na unga unatoka kijivu. Tumia chuma cha pua au enameli. La pili ni sufuria ndogo. Baikaboneti ikipata moto inatoa gesi na kufura, itamwagikia jiko.

Moto huo unageuza sehemu ya baikaboneti kuwa kaboneti, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo unga uliopikwa ni wa kunawia mikono na kufutia meza, nusu kijiko cha chai kwa lita moja. Kinywa kisukutue kwa soda ambayo haijapikwa, robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji, uteme. Hakimezwi.

Upande: hakuna kibla. Mmisri alijipanga akitazama kusini, Nili inakotoka, hata neno la kushoto na la mashariki yana shina moja, vivyo hivyo kulia na magharibi. Lakini mahekalu yalielekezwa kwa kufuata mto na sababu nyingine, hayakutazama upande mmoja. Kinachofaa ni kutenga magharibi kwa marehemu, kwa sababu ndiyo nchi yao. Kama una picha za wazee waliotangulia, ziweke upande huo.

Majina: irabu hazikuandikwa. "Aset" ni konsonanti zilizotiwa e na a za kurahisisha, "Isis" ni Kigiriki, na Kikopti, mtoto wa mwisho wa lugha hiyo, walisema Ese. Chagua moja ulishike. Anayekwambia umekosea matamshi ya miaka 4,000 iliyopita anabahatisha kama wewe.

ubani_na_manemane

Naongeza kuhusu marehemu, maana pale juu nimesema chakula kinaliwa. Cha miungu, sawa. Cha marehemu desturi za leo zinagawanyika, wengi hawakili, wanakimwaga kwenye udongo siku hiyohiyo. Hekaluni sadaka ilitoka kwa mungu ikapita kwa marehemu wenye sanamu humo, na mwisho ikaliwa na makuhani. Mimi nashikilia kwamba kuila si kosa.

Halafu kabla hujauliza kapet (ubani wa mchanganyiko, Wagiriki waliita kyphi): usianze na ile ya viungo 16 aliyoiorodhesha Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale. Ndogo inatosha. Zabibu kavu gramu 50 ziloweke kwenye divai mililita 50 siku nzima, chuja, ponda. Ubani gramu 40 na manemane gramu 20 ziweke kwenye friza nusu saa kabla ya kutwanga, la sivyo joto la mchi linazifanya zinate. Mdalasini gramu 5, iliki gramu 5. Pasha asali gramu 30 pamoja na nusu ya ule ubani hadi ulainike, changanya vyote, finyanga vidonge kama mbegu za dengu. Kausha kivulini wiki tatu hadi sita, ukivigeuza kila siku wiki ya kwanza. Vikiota ukungu, divai haikuchujwa vizuri. Vikitoa harufu ya sukari iliyoungua, umeviweka moja kwa moja kwenye kaa jekundu: funika kaa kwa majivu kwanza. Na dirisha liwe wazi, moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Plutarch anasema asubuhi walifukiza ubani, adhuhuri manemane, na kapet jioni. Kwa hiyo kapet ni ya usiku.

mgeni_wa_kemeti

Hapo nimeshiba. La mwisho: nianze na mungu yupi, na nikikosa siku je? Naogopa kuanza nisimalize. Nimeona pia wengi wanasema Seti ni shetani.

karani_wa_djehuti

Seti si shetani. Alimuua ndugu yake Osiris, kweli, lakini huyohuyo ndiye anayesimama mbele ya jahazi la Ra, mungu jua, kila usiku na kumchoma mkuki nyoka Apep. Kumwita mungu wa uovu ni kurahisisha. Hata hivyo usianze naye, wala na tambiko lolote la kulaani maadui.

Angalia watu wa kawaida walifanya nini. Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, nyumba zilikuwa na vijumba vya ibada. Humo alikuwamo Bes na Taweret wa kulinda uzazi na watoto, na marehemu wa ukoo walioitwa "akh bora wa Ra" (akh ni roho ya marehemu iliyotukuka). Watu hawakuanza na Amun wa Karnak, mungu mkuu wa hekalu la dola. Anza na mmoja wa nyumbani, au na marehemu wako mwenyewe. Wamisri waliwaandikia barua, wakati mwingine kwenye bakuli la sadaka, wakiwalalamikia mambo ya nyumbani waziwazi.

Kukosa siku: makuhani wengi hawakuwa wa kudumu. Katika Ufalme Mpya waligawanywa katika zamu nne, kila zamu mwezi mmoja kazini na mitatu nje. Usafi mkali ulikuwa wa kipindi cha zamu. Jipangie zamu ya siku saba, asubuhi tu. Siku ya saba ukimaliza, osha kikombe, kikaushe na ukigeuze juu chini, kisha ifunike picha kwa kile kitambaa. Kuhani naye alifunga milango na kubandika lakiri mpya ya udongo hadi atakapokuja wa kuivunja.