Ampu na DAC ya mezani: boksi moja, maboksi mawili, au nibaki na kiadapta?

Sikio_Kavu:
Wakuu habari za humu. Nina hedifoni ya omu 300 (ukinzani wake, yaani inavyobana umeme), mpaka leo nachomeka kwenye tundu la laptopu na kiukweli nikipandisha mpaka mwisho bado haijai, zile rekodi za zamani zilizotulia ndo kabisa, naishia kubana pumzi ili nisikie. Nimebaki na njia tatu: kile kiadapta kidogo cha USB-C cha kuchomekea hedifoni, au boksi moja lenye DAC (inayogeuza sauti ya dijitali kuwa umeme wa kawaida wa sauti) na ampu (inayoikuza) humohumo (FiiO K7, iFi Zen DAC), au maboksi mawili unayapanga juu kwa juu kama Schiit Modi na Magni. Sitaki grafu za vipimo, grafu nimeangalia mpaka macho yanawasha. Wanaoishi navyo waniambie, kila siku mezani ikoje?

FundiKimya:
Mkuu anza na hesabu. Tuseme hedifoni yako inatoa dB 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa volti 1. Viadapta vingi vya kawaida vinaishia hapohapo kwenye volti 1, kwahiyo umefika 100 umegota. Ukitaka nafasi ya vilele vya muziki mpaka 110 unahitaji kama volti 3.2, na kwa omu 300 hiyo ni miliwati 33 tu!! Watu wanaona "wati 2" kwenye boksi wanadhani ndo siri, wakati kwako kinachotakiwa ni volti. Sasa chukua hedifoni ya planar (aina yenye utando bapa kati ya sumaku) ya omu 37 inayotoa dB 94 kwa miliwati 1, kufika 110 hiyohiyo inataka miliwati 40, volti zake ni 1.2 tu ila inavuta miliampia 33 wakati yako inavuta 10 na ushee. Ndo maana ampu moja inaweza kupendwa na huyu na kulaaniwa na yule.

mama_besi:
Mimi niko na boksi moja mwaka wa tatu. Raha yake ni waya mmoja wa USB nyuma, wa umeme mmoja, na nobu. Ndugu yangu hiyo nobu usiidharau, simu ikiita mkono unaenda wenyewe bila hata kuangalia, hutafuti dirisha kwenye kompyuta.

Kero sasa. Usiku nikisikiliza chini chini sikio la kushoto lilikuwa linasikika zaidi, nikadhani masikio yangu yanaanza kuzeeka 😂 kumbe ni nobu yenyewe, zile za kuzungusha za kizamani pande mbili hazilingani ukiwa karibu na mwanzo kabisa. Nikaweka doa la rangi ya kucha pale pande zinapoanza kulingana, chini ya doa sishuki, nikitaka chini zaidi napunguza kwenye kompyuta au naweka gaini ya chini (swichi ya ampu ya kuchagua inakuza sauti mara ngapi). Na wale watakaosema ukipunguza kwenye kompyuta unaharibu sauti, sauti ya dijitali ya biti 16 ina nafasi kama dB 96 kati ya ndogo kabisa na kubwa kabisa na biti 24 kwa nadharia ni 144, nikikata 10 nani atajua?

Waya_Tano:
Maboksi mawili hapa. Nilichagua hivo nikiwaza siku moja nitabadilisha ampu peke yake, miaka inaenda sijabadilisha kitu ila waya nimezidisha, ndo jina langu lilipotoka.

Kilichonitesa ni kelele. Nikisogeza mausi nasikia mlio mwembamba kama mbu, nikifungua gemu mbu anakuwa nyigu. Nilibadilisha waya wa USB mara mbili bure. Kumbe ulikuwa mzunguko wa eathi, kompyuta na boksi vyote vimeshika eathi kwa njia mbili tofauti af uchafu wa kompyuta unapita humo. Kebo ya mwanga ya TOSLINK ikamaliza kila kitu kwasababu haina shaba, hakuna pa kupitia. Kwahiyo angalia kama boksi lina tundu la mwanga na kompyuta inalo pia, laptopu nyingi hazina. Kingine, ampu kama Magni na JDS Labs Atom zinatumia adapta inayotoa AC, usije ukachomeka chaja yoyote eti tundu limeingia.

Mbishi_wa_Kale:
Mnamtisha mtu bure. Nilishawahi kubadilisha DAC mbili sauti nimezisawazisha kwa kipimo, rafiki anazungusha swichi mimi sioni, nikabahatisha tu. Bila kusawazisha ile iliyozidi kidogo ndo "tamu" siku zote. Pesa weka kwenye hedifoni. Mwaka 2011 jamaa mmoja wa mtandaoni aliyejiita NwAvGuy alitoa mchoro wa ampu ya O2 wazi kabisa, inaendeshwa hata na betri mbili za volti 9, af mwaka uliofuata akanyamaza mpaka kesho.

mama_besi:
@Mbishi sauti nakubali. Ila yeye kauliza kuishi nayo. Ampu yangu ya kwanza, jina silitaji, ilikuwa ukiizima inapiga "PAP!" masikioni, nilikuwa naivua hedifoni kama nyoka kaingia. Hiyo grafu gani inaonyesha?

FundiKimya:
😂😂 Zenye rilei nzuri (swichi ya umeme ya ndani) zinakata kabla ya huo mshtuko, utasikia "tik" ndani ya boksi basi. Na ukija kununua zile ndogo za kuingiza sikioni za omu 16, tafuta ampu ambayo ukinzani wake wa kutoa hauzidi omu 2, yaani moja ya nane ya hizo 16, la sivyo besi inaweza kubadilika tabia. Kwa 300 yako hilo halikuhusu.

Sikio_Kavu:
Basi kiadapta nimekiondoa, na waya tano sizitaki 😅 Naenda na boksi moja lenye tundu la mwanga. Gaini nianzie wapi?

Waya_Tano:
Ya chini. Nobu ikipita saa nane (pale penye namba 2 kwenye uso wa saa) na bado unataka, ndo upandishe, ila rudisha nobu sifuri kwanza, tena hedifoni ikiwa mezani.

mama_besi:
Na rangi ya kucha uwe nayo karibu.